Nimekuuliza Maziwa, Unanipa Pete?

Watu walikuwa wameshaanza kujaa kutazama ugomvi. Msusi alikuwa amevaa gauni la njano, kitana bado kimechomekwa nywelani, na kidole chake kilikuwa karibu kabisa na pua ya muuza sungura.

"Una macho kweli wewe? Mama yao amekufa humo tunduni, watoto wanachomwa na jua, na wewe umekaa unatafuna karanga!"

"Dada, kama hununui pita. Unanizibia wateja."

"Sipiti!"

Ilikuwa saa ya soko kufurika. Kulikuwa na harufu ya vitunguu na ndoo mpya za plastiki, na wachukuzi wakipiga kelele kuomba njia. Chini, ndani ya boksi la sabuni, watoto sita wa sungura walikuwa wamebanana, macho hayajafunguka. Mdogo kuliko wote alikuwa na doa jeupe katikati ya paji la uso, la mviringo kama kifungo cha shati.

"Dada yangu," sauti ya kiume ilisema taratibu nyuma yake, "punguza moto kidogo. Utawaunguza wewe kabla ya jua."

Msusi aligeuka. Aliona kijana mrefu mwenye ovaroli la bluu, bisibisi mfukoni, taulo dogo jeupe shingoni. Alikuwa fundi wa friji, na mtaani walimwita Baridi, kwa kazi yake na kwa ulimi wake pia, maana alikuwa anaweza kumpoza mtu yeyote kwa maneno.

"Nani amekuita wewe?"

"Hakuna. Nimeona unagomba vizuri, nikasema nikusaidie upande wa kivuli."

Ndipo Msusi akaona. Muda wote ule Baridi alikuwa ameshika kipande cha kadibodi juu ya boksi, jua lisiwapate wale watoto. Hasira yake ikakosa pa kukanyaga.

"Chukueni bure muende zenu," muuzaji akasema. "Watakufa hata hivyo."

Hilo "hata hivyo" ndilo lililomfanya Msusi abebe boksi. Baridi akatembea naye, kadibodi juu, mpaka mlangoni pa saluni, wakaachana wakiwa na namba za simu.

Saluni Msusi walimwita Pasi ya Mkaa. Alikuwa akishika moto hapoi haraka. Baridi alipolisikia jina hilo alilifanya lake.

"Pasi yangu, umeamkaje?"

"Usinipashe mapema yote hii. Nina watoto sita hawajala."

"Sisi tuna watoto sita, mpenzi. Usinitoe kwenye familia."

Daktari wa mifugo, mama mmoja mkavu asiyependa maneno mengi, alikuwa amewafundisha. Maziwa yawe ya mbuzi, ya vuguvugu, kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, tone kwa tone. Mtoto akae kifudifudi, asilazwe chali. Akishiba, umsugue chini ya tumbo kwa pamba yenye maji, maana mama yake ndiye angemlamba ili akojoe. Msusi alisugua tumbo moja moja huku Baridi akishika tochi ya simu. Wakati mwingine vidole vyao viligusana juu ya mgongo wa Kifungo, yule mdogo mwenye doa, na hakuna aliyekuwa wa kwanza kuvitoa. Macho ya watoto yalifunguka. Na ya Msusi, nasema kwa uchungu, yakajifumba.

Kwa sababu dalili zilikuwepo. Mteja akimpigia Baridi kuulizia friji lake, jibu lilikuwa, "Tayari kabisa, mama, kesho asubuhi," na friji liko uani, mlango kule, mota huku. Msusi aliposikia hivyo alicheka. Akasema mpenzi wake ana mdomo mtamu. Binti zangu, hapo si pa kucheka! Anayemdanganya mwenye friji ili asigombwe, siku moja mwenye friji utakuwa wewe.

Siku hiyo ikafika. Msusi alikuwa na bibi harusi na wasimamizi wake, kazi ya kutwa nzima. Akampelekea Baridi boksi nyumbani kwa mama yake, alikokuwa akiishi.

"Nirudie nilichosema."

"Maziwa ya mbuzi. Kifudifudi. Pamba. Pasi yangu, mimi naunganisha mabomba ya gesi, nitashindwa na sungura?"

"Na usiwaache na mtu."

"Niwaache niende wapi?"

Msusi hajafika hata kona ya barabara, Baridi akaitwa kwenye bucha ambako friji la nyama lilikuwa limezima. Akavaa viatu. Mlangoni akasema, "Mama, niangalizie hawa wadogo, wakilia wape maziwa." Basi. Hakusema ni maziwa gani wala wanyweshwe vipi.

Mchana Msusi akapiga simu, pini mdomoni.

"Wamekula?"

"Wamekula, wameshiba, wamelala."

"Kifungo umemsugua tumbo?"

"Nimemsugua mpaka akatabasamu."

"Mbona nasikia ngurumo?"

"Friji la mama hilo, mpenzi. Linazeeka."

Alikuwa ameingiza kichwa na mabega ndani ya friji la bucha, jasho linamtiririka, na wala hakuona kama amesema uongo mkubwa. Alimtuliza tu mtu aliyekuwa na wasiwasi. Hawa watulizaji ndio wanaonitia hofu mimi. Mkali utamwona anakuja.

Kesho yake jioni Kifungo hakunyanyua kichwa. Tumbo lilikuwa limejaa kama puto, na kila akivuta pumzi kifuani kunapiga mluzi mwembamba. Msusi alimfunga kwenye khanga na kukimbia naye mpaka kwa daktari, malapa yakimpiga visigino.

Daktari aliweka sikio, akabonyeza tumbo, akainua uso.

"Amepewa nini jana?"

"Maziwa ya mbuzi, Daktari. Kama ulivyosema."

"Kwa mkono wako?"

Msusi akatoa simu. Akampigia Baridi, akaiweka simu mezani wote wasikie.

"Kifungo anakufa. Jana ulimpa nini?"

"Kile kile, mpenzi."

"Kile kile kipi?"

"Cha mbuzi. Kifudifudi. Nakuja sasa hivi, usilie."

Daktari akavua miwani. "Tumbo hili halisemi hivyo. Na kifua hiki kama kimeingia maziwa dawa yake ni nyingine. Mtoto mdogo hivi siwezi kumjaribisha. Nikikosea nammaliza mimi."

Baridi alifika amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, marashi yananukia mpaka barabarani, na nyuma yake mama yake na mkoba wake mzuri. Siku hiyo walikuwa wamepanga kwenda kwa Msusi kwa jambo la heri. Aliona uso wa Msusi, akaona meza, akaona daktari anangoja. Na mtu huyu, badala ya kufungua mdomo, alifungua kiboksi.

"Pasi yangu, nilitaka iwe kwa wakati mzuri, lakini nikikuona una huzuni hivi..."

Pete ilimeta chini ya taa ya daktari, kando ya pamba na dawa ya kuhara.

"Nini hicho?"

"Nataka unioe... nikuoe."

"Nimekuuliza maziwa, unanipa pete?"

"Mpenzi, mbele ya watu—"

"Mbele ya watu hao hao! Ulimpa nini?"

Baridi akamtazama mama yake upesi, akatazama sakafu. Alijua. Alikuwa ameikuta sufuria yenye maziwa mengine jikoni jana ile ile jioni, akaisuuza, akanyamaza. Hakutaka mama yake aonekane mbaya kwa mkwe siku ya kwanza. Ndivyo alivyojiambia.

Mama yake akasogea mezani. "Kwani kuna nini? Ah! Si huyu mwenye kifungo niliyemnywesha jana, peke yake aliyelia?"

Daktari akamgeukia.

"Ulimnywesha nini, mama?" Daktari akauliza.

"Ya ng'ombe, nikatia sukari kidogo. Nilimlaza chali mkononi, kama nilivyomlaza huyu," akamnyooshea mwanawe kidole. "Akakohoa, nikampiga mgongo. Kwani vibaya?"

Daktari alikuwa tayari ameshageukia kabati la dawa.

"Mama, hukukosea wewe," Msusi akasema. "Hukuambiwa."

Mama akamgeukia mwanawe, akaona alivyoinamisha kichwa, na hapo ndipo mkoba ulipoanguka.

"Kumbe ulijua? Unanificha mimi kama mwizi? Nimekutuma unisitiri? Kosa la kutojua ningelisema mwenyewe tukaondoka na heshima. Sasa nimekuwa bibi aliyeua na kunyamaza! Mpumbavu wewe, na shati lako jeupe!"

"Mama, nilitaka tu—"

"Ulitaka usigombwe," Msusi alisema. "Ndiyo kazi yako. Mwenye friji asikugombe, mimi nisikugombe, na huyu hapa," akamgusa Kifungo kwa kidole kimoja, "yeye hajui kugomba, basi alipe. Toka. Na pete yako."

Kifungo hakufa siku ile. Alibaki na pumzi nzito, akilala upande mmoja. Simu za Baridi ziliita mpaka wenzake Msusi saluni wakamwomba azime simu yake. Aliyekuja ni mama yake Baridi. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akafunua kichwa chake chenye mvi.

"Nisuke, mwanangu. Sikuletei maombi ya mtu. Najua mwenye saluni hataki boksi humu. Nifundishe kuwanywesha, mchana wakae kwangu."

Msusi alimsuka huku machozi yanamlenga, kisha akamfundisha. Yule mama alifuata kila neno. Alimlaza Kifungo kifudifudi juu ya paja lake na kumsemesha kama mjukuu.

Hatimaye Msusi akapokea simu ya Baridi, mara moja.

"Nisikilize na usiniite mpenzi. Sitaki samahani yako, unayo nyingi. Siku utakayonipigia na habari mbaya kabla sijauliza, siku hiyo tutaongea. Ukinipigia na nzuri nakata."

Akakata.

Asubuhi moja mama alikwenda kupimwa presha, Baridi akabaki na boksi. Safari hii hakuitikia simu ya mtu. Alipasha maziwa ya mbuzi, akajaribu joto lake kwenye kifundo cha mkono. Alimshika Kifungo kifudifudi, tone kwa tone, akamsugua kwa pamba. Hakukosea hata kitu kimoja. Na Kifungo akashusha pumzi moja ndefu, mluzi ukanyamaza, akawa mzito mkononi mwake kuliko alivyokuwa mzima.

Baridi alikaa sakafuni. Leo ambapo hakuwa na kosa, nani angemwamini? Akamfunga kwenye lile taulo lake jeupe. Kisha akainuka, akatoka. Miguu yake ilimpeleka sokoni, mpaka kwa muuza sungura.

"Karibu, fundi. Hawa wanaanza majani sasa."

Walikuwa wengi, wanarukana. Mmoja alikuwa wa kahawia, mdogo, na doa jeupe usoni. Si mviringo sawasawa, lakini nani angepima? Muuzaji alimwekea mkononi. Alikuwa wa moto, mwenye nguvu, anamnusa kidole gumba. Angekuwa boksini kabla ya mama kurudi. Msusi angefurahi, angesema Kifungo amepona. Habari nzuri kuliko zote.

Baridi akatoa simu.

"Haloo?" Nyuma ya Msusi mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inavuma.

"Nina habari mbaya. Kifungo amekufa, asubuhi hii, mkononi mwangu."

Mashine ilizimwa.

"Uko wapi? Nasikia soko."

Angeweza kusema amefuata gesi. Neno lilikuwa limeshafika ulimini.

"Niko kwa muuza sungura. Nimeshika mwingine, ana doa. Nilikuja kumnunua nimweke boksini, usijue."

"Mshenzi wewe!" Wateja wote saluni waligeuka. "Mshenzi mkubwa! Ungeniacha nimlishe wa kuazima nikimwita Kifungo?"

"Ndiyo."

"Na ungenitazama usoni?"

"Ningekutazama. Ningecheka na wewe. Ndiyo maana nimepiga, nimejiogopa."

Msusi alilia, lakini kilio cha hasira, cha kupiga kiti teke. Baridi hakumwambia anyamaze. Alisubiri, simu sikioni, jua utosini.

"Mrudishe huyo alikotoka," Msusi alisema mwishowe. "Na umwambie huyo muuzaji akiwaacha juani tena nitakuja mwenyewe."

"Nimeshamwambia..." Baridi akajishika. "Hapana. Sijamwambia. Namwambia sasa hivi."

Na Msusi akasikia, kwa mara ya kwanza tangu amjue, Baridi akipaza sauti. Akasikia muuzaji akijibu kwa matusi, tundu likikokotwa kwenye saruji, na mtu akisema, "Fundi leo kapatwa na nini?" Baridi alirudi kwenye simu anahema.

"Amelisogeza. Ila ametutukana wewe na mimi."

"Rudi nyumbani. Wale watano hawajala. Usimzike mpaka nije."

"Nakungoja."

"Na ile pete."

"Ipo."

"Uwe nayo. Sijasema nimekubali. Nimesema uwe nayo."