Mashine ya Magoma Ilivyoniposea

"Athuman, umecheka tena."

"Sijacheka, Mashavu. Ndiyo sura yenyewe."

Wallahi, ndiyo sura yenyewe. Mwaka 1955 ukanda wa mashine ya katani ulikatika, ukanipiga shavuni, na mshono ukavuta mdomo juu. Tangu hapo nacheka hata mazikoni. Ongeza kwamba mimi Mnyamwezi na yeye Mzigua, watani tangu mababu, basi neno langu kwake halikuwahi kuwa neno.

Tulikuwa nyumbani kwa mama yangu, Magoma, madirisha tumeziba kwa mablanketi, kuku tumewafungia jikoni. Mashine ya kunasa sauti tuliazimwa na fundi wa shamba mpaka Jumamosi, na utepe ni mmoja tu. Nyimbo sita za Singa Jazz, bendi yetu, ziende Nairobi zikawe santuri. Wa sita nilitunga mimi, Eliasi akipiga gita, Mashavu akiimba. Tukaumaliza salama.

Ndipo Mashavu akasema taratibu kwamba Hiza, mwenye duka kule kwao Mkata, ameleta posa kwa baba yake, na baba anataka jibu Ijumaa.

"Mwambie nimeshakuposa mimi."

Eliasi akaangua kicheko. Mashavu hakucheka.

"Mwaka mzima unaniposa, mtani. Mshenga wako yuko wapi?"

Hakujua kwamba Mzee Mhina nilishamwendea mara mbili awe mshenga wangu. Mara zote alinitazama usoni, akacheka mpaka akashika ukuta.

Wenzangu walipotoka kunywa uji, nikarudisha utepe mpaka mwanzo wa wimbo wa sita, nikanasa maneno yangu juu yake, wimbo ukafutika.

Eliasi alipojua aliniuliza tu kama nina akili. Nikamwambia wimbo nitatunga mwingine.

Kwa Mzee Mhina nilibaki nje ya mlango. Ndani mashine ikasema peke yake:

"Shikamoo Mzee Semboja. Mimi Athuman wa Magoma. Namwomba binti yako Mashavu awe mke wangu. Leo utani nimeuweka chini."

Mhina akatoka, kofia kichwani.

"Kumbe una sauti ya mtu mzima. Nipe hiyo mashine."

Alhamisi akapanda lori la Mkata. Jumamosi asubuhi akarudi na karatasi, Mashavu akaisoma mbele ya bendi:

"Huyu wa kwenye mashine nimemkubali. Binti yangu akiridhia, aje. Ila ule uso aje kaufunika."

"Umeridhia?" nikauliza.

"Washa mashine. Iliyoniposa ni hiyo, naijibu yenyewe."

Nikawasha. Akasogea karibu, kama anavyosogea akitaka kuimba.

"Mimi Mashavu binti Semboja, nimekubali. Na wewe Athuman, usicheke."

"Sicheki."

Safari hii nilikuwa nacheka kweli.

Jioni mashine ikarudi kwa fundi. Utepe ulikwenda Nairobi na nyimbo tano na ndiyo moja.