Vidonge Katika Mkate wa Bata

Nyumbani kwa Inshirah mkate hautupwi. Kipande kikianguka, anakiokota, anakibusu, anakiweka kando. Kikikauka, anakiloweka na kuwapa bata wake. Neema ya Mungu haichanganywi na taka. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo wanavyolelewa watu wa kijiji chao, kule Misri, ambako Mto Nili unagawanyika mifereji mifereji.

Shida ni kwamba Inshirah aliihesabu dawa nayo kuwa neema. Mumewe, Metwalli, ana kisukari, na huchoka upesi na tiba. Akipewa antibiotiki, homa ikishuka tu, husema, "Nimepona! Niondolee vidonge vyako hivyo vichungu." Vidonge vilivyobaki Inshirah alivisaga, akavichanganya na ule mkate. Dawa za maji alizimwaga mferejini.

"Maji yataondoka nazo," alisema.

Yaondoke yaende wapi? Hakujiuliza. Na nani kijijini alijiuliza?

Bata walikula, wakashuka mferejini, wakaogelea na kunya humo humo. Walinona kweli. Majirani walimwonea wivu.

Asubuhi moja Metwalli aliingia mferejini kung'oa magugu, maji yapate kufika shambani. Akakanyaga kigae cha chupa. Kisukari kilishaua hisia za nyayo zake, hata hakusikia maumivu. Alirudi nyumbani akiacha alama za damu sakafuni.

"Mama Sayyid, umechinja bata humu ndani?" akamuuliza mkewe, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Bata gani? Ni mguu wako, mwanamume! Kaa chini!"

Alimwosha kwa maji na sabuni. Akapekua kabati, akapata vidonge viwili vitatu vya zamani, akampa. Aliona ametibu. Kumbe kidonda ndiyo kwanza kinaanza. Kilivimba, kikatoa usaha, kikanuka. Wakaenda hospitali mjini.

Daktari alimpa antibiotiki. Kidonda hakikusikia. Akabadilisha. Hakikusikia. Wakamlaza, wakamtundikia dripu za dawa kali. Usaha ulipopimwa, daktari alimwita Inshirah kando.

"Mama, vijidudu vya kidonda hiki ni sugu. Dawa tulizonazo haziviui. Na mguu umeanza kuoza."

"Si mna dawa nyingine? Nitauza bata wote!"

"Ingekuwepo, ningempa."

Metwalli, yule bingwa wa utani, siku hiyo hakutania. Alimshika mkewe mkono kama mtoto.

"Inshirah, usiwaache wanikate. Mimi mkulima. Nitalima na nini?"

Inshirah alilia tu. Mguu ukakatwa chini ya goti.

Waliporudi nyumbani, Nabila, jirani yao mwenye duka la dawa, ambaye kijijini huitwa daktari, alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alimkuta Inshirah uani, kinu mbele yake. Maisha ndiyo hayo, bata lazima wale.

"Unatwanga nini, Mama Sayyid?"

"Vidonge vya hospitali, daktari. Vimebaki, Baba Sayyid amechoka kuvimeza. Ni neema, haifai kutupwa jalalani."

Nabila aliketi chini, akashusha pumzi.

"Unawapa bata siku zote?"

"Miaka mingi."

"Sikiliza, dada yangu. Ndani ya bata mna vijidudu. Ukiwapa dawa kidogo kidogo, vile dhaifu vinakufa, vile sugu vinabaki na kuzaana. Bata wanavinya mferejini. Dawa unazomwaga nazo zinafanya vivyo hivyo ndani ya maji, na zinadhuru samaki na wadudu wa humo. Na Baba Sayyid akikatiza dozi, vijidudu vilivyobaki mwilini mwake navyo vinaweza kuwa sugu."

Inshirah aliachia mchi. "Basi mimi ndiye niliyemkata mguu."

"Siwezi kuapa kwamba kijidudu kile kilitoka kwa bata wako. Mfereji huu unapita vijiji vingi, na kila kijiji kinamwaga. Kisukari nacho kina lake. Lakini vijidudu sugu huzaliwa kwa njia hiyo hiyo."

Lo! Afadhali Nabila angemtukana. Matusi yana majibu.

Jioni ile Inshirah alikaa ukingoni mwa mfereji, akitazama maji yakipita. Yatatolewaje sasa yaliyokwisha kumwagwa humo? Hayatolewi. Alijua hivyo, na moyo ulimuuma.

Kesho yake alibeba dawa zote za kabatini hadi dukani kwa Nabila.

"Nizifanye nini?"

"Niachie mimi. Ninazikusanya, zinapelekwa kuchomwa pamoja na taka za hospitali. Mtu asiye na pa kuzipeleka, azitoe kwenye pakiti, azichanganye na makapi ya chai au udongo, azifunge kwenye mfuko, ndipo azitie kwenye taka, mbali na watoto na mifugo. Asizimwage chooni wala mferejini. Na antibiotiki asinunue bila kuandikiwa, akiandikiwa azimalize kama alivyoelekezwa."

Miezi ikapita. Mguu uliobaki ukapata mchubuko. Safari hii walikwenda kwa daktari mapema. Siku ya tatu mchubuko ulikauka, na Metwalli akaanza, "Mimi nimepo..."

"Meza!" Inshirah alimkatiza. "Utameza mpaka cha mwisho, nimesimama hapa hapa."

Akameza. Mchubuko ukapona kabisa.

Siku chache baadaye jirani mwingine, Fikriyya, alibisha hodi na bakuli la jibini.

"Mama Sayyid, mwanangu anakohoa. Najua kwako hakukosi vidonge. Nipe viwili tu, vitakavyobaki niwape kuku."

Inshirah alimshika mkono, akamwingiza chumbani alikolala Metwalli. Akainua blanketi.

Fikriyya alitazama pale mguu ulipoishia. Akaliweka bakuli chini.

"Funika, mke wangu," Metwalli alisema taratibu. "Ameshaona."

Fikriyya alirudi kwake bila kuaga. Akapekua nyumba yote, akajaza mfuko dawa za miaka na miaka. Kisha akambeba mwanawe kumpeleka kwa daktari, akapitia dukani kwa Nabila kuuacha ule mfuko.