Msisimulie Ndani ya Gari la Iqbal

Jua lilikuwa linakaribia kuzama Fadhila na mdogo wake Abeid walipoingia gereji ya mzee Taherali, pale Mkuyuni, kuazima gari la kuchezea sinema.

Fadhila alikuwa mtunzi na mwongozaji. Alikuwa ameshatoa sinema kadhaa za mapenzi, zile za mume kutembea na shoga wa mkewe, na zilikuwa zimemchosha hata yeye mwenyewe. Safari hii alitaka magari. Alitaka wale vijana wa Mwanza wanaookota gari bovu, wakalikata, wakalishusha, wakalifunga injini isiyo yake, kisha jioni wakatoka nalo barabarani kutambiana. Watu anao, barabara anayo. Hadithi ndiyo hakuwa nayo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nyie ndio watu wa sinema? Lile pale."

Lilikuwa gari dogo la milango miwili. Marehemu Iqbal, kaka yake Taherali, alilichonga kwa mikono yake enzi za ujana wao. Alikata nguzo akalishusha paa, akang'oa boneti, akapachika injini ya lori iliyotokeza nje bila aibu. Kiti cha nyuma alikitoa, pakabaki bati tupu. Hata redio haikuwepo. Mahali pake palikuwa na tundu na nyaya zilizokatwa.

Abeid, ambaye ni fundi na ndiye anayeigiza kila sinema ya dada yake atake asitake, alilizunguka gari lile kama bwana harusi.

"Kalijaribuni mpaka Usagara mrudi," alisema Taherali. "Isha isiwakute nje." Akashika mlango, hakuuachia. "Ila mle ndani msipige stori. Endesheni, mkae kimya."

"Kwa injini hii mzee, hata tukipiga nani atasikia?" Fadhila alitania.

Mzee hakucheka. Aliachia mlango wa gari, akarudi ndani ya gereji.

Sasa hapa lazima nieleze jinsi sinema zetu zinavyotengenezwa, maana balaa lote lilianzia hapo. Sisi hatuandiki sana. Mwongozaji anasimama mbele ya waigizaji, anawasimulia kwa mdomo: wewe utaingia hivi, utamkuta huyu, utalia. Na ili watu wasichanganyikiwe, kila mtu anabaki na jina lake. Abeid nyumbani, Abeid kwenye sinema. Ni kazi nyepesi na watu wameizoea, na hakuna aliyewahi kufikiri kuna ubaya gani.

Walipita Butimba, wakapita Nyegezi. Injini ilinguruma hadi viti vikatetemeka. Watoto walikimbia pembeni ya barabara wakipunga mikono, na Fadhila, akiwa na furaha ya mtu aliyepata kitu chake, alisahau onyo la mzee.

"Sikia hii," alisema. "Vijana wawili wanashindana, anayeshindwa anamwachia mwenzie gari."

"Halafu?"

"Halafu aliyeshindwa anagoma."

Mwenyewe aliona imepooza. Akajaribu nyingine. Binti anayechomelea vyuma anachonga gari usiku kwa siri, baba yake hataki.

"Halafu?"

"Halafu anawapiku wanaume wote."

Hiyo nayo ilikuwa na afadhali, lakini haikumsisimua. Kilichomsisimua ni Abeid. Siku zote Abeid akisimuliwa husinzia. Leo anauliza. Fadhila akajiweka sawa kitini, akashusha sauti kama anavyofanya akiwa kazini.

"Basi ya kutisha. Abeid anaendesha gari la marehemu. Ni jioni. Redio inajiwasha yenyewe."

"Halafu?"

"Halafu barabarani amesimama mama mmoja, kabeba beseni la dagaa kichwani, kageuza mgongo."

"Halafu?"

"Akifika Usagara, gari linakata kona lenyewe kuelekea kivuko cha zamani. Usukani haushikiki. Linashuka, linashuka, linaingia ziwani. Milango inagoma kufunguka. Abeid anafia humo ndani."



Ilikuwa stori nzuri na alijua ni nzuri. Alitabasamu peke yake mpaka walipoiacha Buhongwa nyuma.

Kisha pale kwenye tundu la dashibodi pakaanza kukwaruza.

Khhh... khhh...

Kama mtu anatafuta stesheni. Nyaya zilizokatwa zilikuwa zinacheza taratibu. Kukatokea wimbo wa zamani, wa mbali sana, ukapotea, ukarudi.

"Chaji imebaki kwenye nyaya," alisema Abeid. Fundi haishiwi sababu. Lakini hakumtazama dada yake.

Harufu ikaingia. Dagaa wabichi, na maji ya ziwa yaliyolala.

Mbele yao, ukingoni mwa lami, alisimama mama. Kichwani beseni. Mgongo kawapa.

"Usisimame," Fadhila alipaza sauti.

Abeid hakusimama. Walipompita, mama yule aligeuka kuwatazama, na taa ya bodaboda iliyokuwa inakuja ikammulika vizuri. Fadhila alipokuwa anasimulia hakusema mama huyo ana uso gani. Hakuwa na uso. Palikuwa na ngozi tu, laini, kutoka kipaji hadi kidevu, kama goti.

Fadhila alimshika Abeid begani.

"Dada." Abeid aliongea kwa nguvu, neno moja moja. "Muda wote ule ulikuwa unaongea na nani?"

"Na wewe. Si ulikuwa unauliza halafu."

"Mimi tangu Nyegezi sikufungua mdomo, mpaka ile redio ilipoanza. Nilidhani unafanya mazoezi peke yako."

Ndipo Fadhila alipoelewa jambo ambalo masikio yake yalikuwa yanalijua toka mwanzo. Injini ile ilikuwa inanguruma kiasi kwamba yeye na Abeid sasa wanapaza sauti ili wasikilizane. Ile "halafu" ilikuwa mnong'ono. Na aliisikia kila mara, safi, nyuma ya shingo yake.

Hakugeuka. Alikaza macho kwenye lami.

Usagara ilikuwa mbele, taa za vibanda zimeshawashwa. Abeid alikanyaga breki. Akakanyaga tena. Usukani ulizunguka wenyewe mikononi mwake, bila haraka, kama ulioshikwa na dereva mzoefu, na gari likakata kona kuelekea ziwani.

"Haushikiki," alisema Abeid. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Dada, haushikiki."

Fadhila alijaribu mlango. Umegoma. Alipiga kioo kwa kiwiko, kwa kiatu, wala hakikupata ufa. Mama yao alipokuwa anakata roho alimshika mkono akamwambia maneno machache: huyu mtoto ni wako. Fadhila hakuwa na mtu mwingine duniani. Na ni yeye, kwa mdomo wake, kwa kujifurahisha, aliyemtaja.

Tangu daraja la kuvukia ziwa lifunguliwe, magari yote ya Sengerema yanapita juu. Njia ile ya chini ya kivuko imebaki tupu, lami inashuka moja kwa moja mpaka ndani ya maji. Gari liliiacha barabara kuu, likaingia njia hiyo. Giza la magharibi. Maji yalianza kuonekana, meusi, yametulia.

"Gari linasimama," alisema Fadhila kwa nguvu. "Stori imebadilika. Gari linasimama, wanarudi nyumbani."

Nyuma ya shingo yake pumzi ya baridi.

"Hapana," ilinong'ona. "Ulishasema mtu anakufa."

"Basi si Abeid."

Gari likapunguza mwendo. Kidogo tu.

"Nani?"

Fadhila alifunga macho. Angeweza kutaja jina lake mwenyewe. Alilifikiria, nakuapia, na ulimi ukawa mzito. Alitafuta jina lisilo na mwenyewe, jina la kubuni, kama anavyobuni watu kila siku.

"Shigela."

"Shigela yupi?"

"Mtu tu. Kijana. Amepanga chumba hapo Usagara."

"Ana nani?"

"Hana..." Akajikuta anajibu vizuri, kwa mazoea ya kazi. "Ana dada. Getruda."

"Halafu?"

Maji yalikuwa hapo. Aliyasikia yakigonga lami.

"Halafu Shigela anazama," alisema Fadhila, akalia.

Gari lilisimama. Matairi ya mbele yalikuwa ndani ya ziwa. Milango ilifunguka yote miwili yenyewe, taratibu, kama ya gari lolote jipya.

Walikimbia mpaka barabara kuu. Huko ndiko Abeid alikompigia simu mzee Taherali, na mzee hakuuliza kilichowapata. Alikuja na pikapu na kamba. Alipomkaribia Fadhila aliuliza jambo moja tu.

"Umemtaja nani?"

"Mtu wa kubuni."

Mzee alishuka nao mpaka kwenye maji, akakunjua kamba.

"Iqbal alikuwa na domo," alisema mwishowe. "Kabla ya kila mashindano anakaa humo anasimulia atakavyoshinda, na anashinda hivyo hivyo, kona kwa kona. Tukamwona bingwa. Siku moja wamegombana na mkewe, akaingia garini na hasira zake, akasimulia jambo la kumhusu mkewe." Alifunga kamba kwenye chuma cha nyuma cha gari. "Tangu hapo kaka yangu hakusema neno mpaka tunamzika."

"Na ninyi bado mkalitunza gari hili?"

"Nilishalipeleka kwa wakata vyuma. Wakalirudisha wenyewe, hawakunieleza kwa nini. Nikaona akilipata mtu wa kulitumia tu, asiongee..."

"Kwa nini hukutuambia ukweli?"

"Ningewaambia, mngeniamini? Watu wa sinema? Mngeifanya sinema."

Fadhila aligeuka akaelekea kwenye pikapu, maana ilikuwa kweli.

Usiku ule Abeid alilala sebuleni kwa dada yake, na Fadhila alikesha akimsikiliza anavyopumua. Alijiambia amebuni. Mtu wa kubuni hafi. Kulipokucha akashindwa kuvumilia, akajifunga mtandio, akaenda Usagara. Kwenye kijiwe cha bodaboda aliuliza kama kuna msiba.

"Upo," alijibiwa. "Kijana Shigela. Wavuvi wamemkuta alfajiri pale kivuko cha zamani, amekaa kwenye maji yasiyofika hata kifuani. Amekaa hivi." Yule dereva alinyoosha mikono miwili mbele, vidole amevikunja kama ameshika usukani. "Wamejitahidi kumkunjua, wameshindwa."

"Alikuwa na gari?"

"Gari? Hata sijui alikuwa anafanya kazi gani."

Msibani palikuwa na watu wachache, majirani wa nyumba ya kupanga. Fadhila alisikia wananong'onezana. Mmoja alisema marehemu na dada yake walihamia majuzi. Mwingine akasema mbona ni wa siku nyingi. Wakabishana kidogo, wakaacha, kwa sababu hakuna aliyekumbuka siku waliyohamia, wala aliyewahi kusalimiana nao.

Dada mtu alikuwa amekaa ukutani juu ya mkeka, kanga kichwani. Hakuwa analia. Alikuwa na sura ya mtu anayetafuta kitu ndani ya begi gizani.

Fadhila alipiga magoti mbele yake. "Pole, dada. Pole sana."

"Asante." Getruda aliinua macho, akamwangalia, na hakuyaondoa tena. Alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa na joto la kawaida, la mtu.

"Wewe nakujua," alinong'ona.

"Hapana, hatujawahi kuonana."

"Nakujua. Sauti yako naijua." Alisogea karibu, ili majirani wasisikie. "Nisaidie, wananiaibisha. Wanauliza kwetu wapi, wapeleke taarifa. Wanauliza mama yetu yuko hai au alishafariki. Nimekaa hapa tangu alfajiri najaribu kukumbuka. Najua naitwa Getruda. Najua nilikuwa na kaka. Nyuma ya hapo sioni kitu, dada. Hakuna nyumba, hakuna shule, hakuna siku hata moja tuliyocheka naye. Namlilia vipi mtu nisiyemkumbuka hata alivyokuwa anacheka?"

Fadhila alitazama mlango. Alimfikiria Abeid, ambaye muda huo alikuwa nyumbani anakunywa chai, hai.

Lilikuwa jambo dogo sana analoombwa. Kijiji. Mama. Kaka anayecheka kwa sauti kubwa. Angeweza kumpa vyote hapo hapo kabla chai ya msiba haijapoa, na kwa huruma aliyokuwa nayo alifungua kinywa.

Kisha akaona kwamba, hata nje ya gari lile, mama atakayemtaja naye atakuwa mtu wa kweli, atapigiwa simu leo, naye atakuja hapa akipiga mayowe, kumzika mwanawe.

Alifunga kinywa.

Getruda alimsubiri. Alimbana mkono zaidi, bila ubaya wowote, na macho yake yakamwomba kwa adabu, kama mtu anayemwomba mkubwa wake.

"Mimi naanzia wapi?" aliuliza. "Nitajie tu mahali pa kuanzia."