Aliyeitika Ng'ambo ya Heulwen

Haya yalimpata jirani yangu Heulwen, juu ya Tryfan, mlima wetu wa majabali hapa Wales, siku tuliyopanda watatu kushusha kondoo.

Saa sita mchana ukungu ukatufunika. Ikiwa hivyo, sisi husimama mstari mmoja na kuitana: wa kwanza anaita, wa pili anaitika, hadi wa mwisho. Wa mwisho alikuwa Heulwen, ukingoni mwa genge. Ng'ambo yake hakuna ardhi.

"We Heulwen, usisinzie huko!" Emrys, aliyekuwa katikati yetu, alimchokoza. "Tutakuswaga pamoja na kondoo!"

"Angalia kitambi chako kisikuangushe, Emrys!"

Tukacheka, kisha tukaanza. Nikaita, Emrys akaitika, Heulwen akamalizia.

Anasema hata hajafunga mdomo, mtu akaitika upande wa genge, kwa utulivu, kama aliyekuwa akingoja zamu yake.

Alidhani ni mwangwi. Sauti ikaitika tena, ingawa hakuna aliyeita. Halafu ukaja mluzi, ule ule anaomwitia mbwa wake, Mot. Hajawahi kumfundisha mtu mluzi ule.

Mot akatikisa mkia, akatoka mbio kuelekea gengeni.

"Mot! Rudi! Rudi, mwanangu!"

Heulwen alijitupa chini, akashikilia majani kwa mikono miwili, akingoja kishindo. Hakikuja. Alichosikia ni kucha za Mot zikigonga mawe, ta, ta, ta, zikienda mbele bila kuteremka, kule ambako hakuna jiwe hata moja.