Akinyamaza, Amekubali

Pale kwenye mwalo wa Kibirizi, mitumbwi inaposhusha samaki, wananiita Redio, na sijawahi kukasirika maana ni kweli. Jina langu ni Catherine, nauza dagaa, na mdomo wangu haujui sikukuu. Ningependa kusema kwamba mambo haya yalimpata mtu wa mbali. Yalimpata Honorata, jirani yangu wa ukuta mmoja, mwaka jana tu, mchana kweupe. Na mimi nimo.

Mambo yenyewe yalianza vizuri. Dagaa walikuwa kwenye chanja, jua limetulia, na Yunisi, binti wa mdogo wangu, alikuwa amekuja. Yunisi amesomea kompyuta. Kampuni moja ndogo ya Dar ilimtuma kwetu kwa ajili ya programu yao ya simu iitwayo Mwaloni. Unapiga picha, unaiweka, watu wa Tabora na Dodoma wanaiona na kuagiza mzigo. Tuliipenda, lakini ilikuwa na adha zake. Wanaume tusiowajua walichukua picha zetu, wakaandika majina yetu pamoja na maneno ya aibu. Tena vitufe vyake vilikuwa vidogo kama punje za mtama, na mikono yetu ina mafuta ya dagaa kutwa. Yunisi alitakiwa atengeneze mambo hayo mawili, usalama na urahisi, akisaidiwa na wanawake kumi na wawili wa kuijaribu.

Alikaa nasi wiki nzima juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari mapajani. Aliyoyaleta yalikuwa mazuri. Programu ingetambua kila uso kwenye picha na kuuzungushia kisanduku, lakini mtu asingeweza kuandika jina lako mpaka akuombe ruhusa nawe ukubali. Picha anayokuombea ingefunikwa ukungu mpaka ukubali, ili mtu asikutupie uchafu machoni. Vitufe vya Kubali na Kataa vikawa vipana. Tulipomwambia kuna waume wanaoshika simu za wake zao na kujibu wao, akaongeza kwamba jibu lithibitishwe kwa alama ya kidole cha mwenye simu tu. Tulimpigia vigelegele.

Likabaki tatizo moja, watu walikuwa hawajibu. Unaomba ruhusa, unangoja mpaka mzigo unaota ukungu. Yunisi akauliza tufanyeje, na hapo ndipo Redio ilipojiwasha. Nikamwambia kwetu binti akiposwa, wazee wakamuuliza, akanyamaza, basi amekubali. Programu nayo ifuate hivyo hivyo. Asiyejibu kwa siku tatu, amekubali. Wenzangu wakacheka na kuniunga mkono. Honorata akasema kwa sauti yake ndogo kwamba hata yeye, Bonifasi alipomposa, hakusema neno. Yunisi akaandika.

Bonifasi alikuwa mumewe. Ziwa lilimchukua mwezi wa kumi na moja, kabla Yunisi hajaja, siku ya upepo mbaya, na halikumrudisha. Kwetu, mtu ambaye mwili wake haukupatikana huzikwa kwa mgomba. Linakatwa shina la urefu wake, linavishwa shuka, linalazwa kaburini na kuliliwa kama mtu. Tulimzika hivyo nyumbani kwao Simbo. Honorata mwenyewe ndiye aliyelifunga lile shina kwa shuka la maua mekundu walilokuwa wakilalia, akalikaza kwa kamba ya mgomba, fundo limeelekea kushoto kwa sababu ana shoto. Mzee Ndayisenga, baba mdogo wa marehemu, alitukataza jambo moja tu, kwamba mgomba usipigwe picha. Hakusema kwa nini, na hakuna aliyemuuliza.

Honorata aliupiga, kwa siri. Tulilijua hilo siku ya majaribio, Yunisi alipotuambia kila mmoja achague picha yenye watu. Honorata akachagua ile ya mazishi. Watu waliosimama kulizunguka kaburi walikuwa saba, nami nikiwa mmoja wao. Programu ikafanya kazi yake. Visanduku vilikuwa vinane. Cha nane kilikuwa kaburini, juu ya shuka.

Yunisi alisema ni kosa la mashine, hata doa la ukutani huweza kulidhania ni uso. Nilitaka kumwambia Honorata aifute picha ile. Nilichelewa, mimi ambaye sijawahi kuchelewa kusema. Alikuwa ameshaandika: Bonifasi. Simu ikajibu kwamba ombi limetumwa.

Siku ya tatu alinijia na simu mkononi. Kioo kilisema: Bonifasi amekubali.

Yunisi alinieleza taratibu, kama unavyomweleza mtu mzima aliyeshtuka. Hakuna aliyejibu, mama mkubwa. Ni kimya tu, siku tatu zimepita, na sheria imefuata mkondo wake. Nikaridhika. Nikasema marehemu hunyamaza, kazi yao ndiyo hiyo, na tukacheka kidogo. Mungu anisamehe kicheko kile.

Kesho yake, Alhamisi, saa nane mchana, Honorata akapokea ombi. Bonifasi anaomba ruhusa ya kuweka jina lako kwenye picha. Chini yake palikuwa na ukungu wa kijivu, na saa inayohesabu kurudi nyuma.

Hakuna aliyecheka. Yunisi akafungua orodha. Tulikuwa kumi na wawili, tumekuwa kumi na watatu. Akaunti ya kumi na tatu haikuwa na namba ya simu. Akapiga Dar, wakamwambia wao wanaona kumi na wawili. Akawasihi waiondoe ile sheria ya siku tatu, wakamjibu toleo jipya linatoka Jumatatu. Siku tatu zilikuwa zinaisha Jumapili.

Nikamwambia Honorata abonyeze Kataa mbele yangu. Akasema chaji inaisha, atafanya nyumbani. Jioni nilimuuliza, akaitikia kwa kichwa. Nilimwamini, kwa sababu nilitaka kumwamini.

Ijumaa nyumba yake ilianza kunuka ziwa. Si samaki, samaki nawajua. Ni maji ya ndani kabisa, yale ya baridi. Ukuta wetu ni mmoja, na upande wangu ulitoka jasho.

Jumamosi mchana nilimsikia chumbani kwake akizungumza. Anauliza, anangoja, anacheka kidogo, anaendelea. Niliweka sikio ukutani. Sikusikia mtu mwingine. Lakini alikuwa anajibiwa. Nilijua anajibiwa, kwa jinsi alivyokuwa akingoja.

Jumapili tulikuwa kwenye chanja, jua la saa saba na nusu, mwalo umejaa watu. Honorata alikuwa amevaa kitenge cha njano na amejipaka mafuta usoni. Kila mara alikuwa anatoa simu kwenye mfuko wa aproni, anatazama, anarudisha. Nikamsogelea. Kwenye kioo saa ilikuwa bado inahesabu.

"Hukubonyeza," nikamwambia.

"Sijabonyeza kitu, dada. Wala Kubali sijaibonyeza."

"Honorata, kunyamaza ndiko kukubali."

"Najua," akanong'ona. "Mara ya kwanza pia sikusema kitu."

Niliipora ile simu. Nikabonyeza Kataa. Kitufe kilikuwa kipana, hata kwa vidole vyenye mafuta huwezi kukikosa. Simu ikadai alama ya kidole cha mwenyewe. Nikamshika Honorata mkono wa kushoto, akakunja ngumi. Nikapambana na ile ngumi mbele ya watu, bila aibu. Yeye mwembamba, mimi nabeba magunia. Sikuweza kukunjua hata kidole kimoja. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na jua lote lile. Alijitoa mikononi mwangu pole pole, akaelekea kwake bila haraka, akifunga kitenge vizuri njiani.

Nilimtupia Yunisi simu, nikamwambia aizime. Nikakimbia. Nilifika mlango umeshapigwa komeo kwa ndani. Nikagonga. Nikamwita kwa jina lake, kwa jina la mama yake. Niliomba, nilitukana. Ndani kimya.

Yunisi akaja anahema. Simu ilikuwa imekataa kuzimika. Tukasimama mlangoni, vichwa pamoja, tukiitazama ile saa. Sekunde kumi. Tano.

Ukungu ukaondoka.

Ilikuwa picha ya chumba kile kile. Kitanda. Neti imekunjwa. Honorata amelala ubavu, kitenge cha njano, mafuta usoni yanang'aa. Kisanduku kimoja kwenye uso wake: Honorata. Kisanduku cha pili kilikuwa juu ya mto wa kulalia, pembeni yake: Bonifasi. Ndani ya kisanduku hicho hapakuwa na mtu. Palikuwa na mto uliobonyea.

Vijana wa mwalo waliuvunja mlango. Chumba kina dirisha moja lenye nondo. Honorata hakuwemo. Kitandani, upande wake, palikuwa na shina la mgomba limevishwa shuka la maua mekundu, linatiririka maji mpaka sakafuni. Kamba ilikuwa imekazwa kwa fundo. Limeelekea kushoto.

Polisi walimtafuta wiki mbili, wazamiaji nao wakatafuta, hawakupata hata kandambili. Mzee Ndayisenga hakungoja. Alikwenda Simbo siku ile ile, nami nilikuwepo. Kaburi lilikuwa halijaguswa, majani yalikuwa yameota juu yake. Wakafukua. Chini hapakuwa na shina. Palikuwa na maji, safi kabisa, huko mlimani, mbali na ziwa. Dagaa wawili walikuwa wanaogelea humo, wamekaribiana. Mzee akaagiza shimo lifukiwe, na lile shina lililotoka kitandani likazikwa kando yake kwa jina la Honorata. Hakuna aliyepiga picha.

Watu wananiambia nisijilaumu, eti sikio la kufa halisikii dawa. Najilaumu. Ile sheria niliitoa mimi, kwa mdomo wangu, ili wenzangu wacheke. Honorata alikuwa mtu wa kunyamaza tangu utoto, nami nilikuwa nalijua hilo kuliko wote.

Kampuni iliifunga Mwaloni mwezi ule ule. Niliuza simu ya kupangusa, nikanunua kitochi, kile cha kupiga na kupokea tu. Nilikaa miezi minne kwa amani. Halafu Alhamisi moja, saa nane mchana, kitochi kikalia. Ujumbe hauna namba. Honorata anaomba ruhusa ya kuweka jina lako kwenye picha.

Hakuna kitufe cha Kubali. Hakuna cha Kataa. Yunisi alivitengeneza vipana vile, na sasa havipo.

Kwa hiyo najibu kwa mdomo. Nasema sitaki. Nasema asubuhi nikiamka, nasema nikigeuza dagaa, nasema nikihesabu ndoo. Sitaki, Honorata, mdogo wangu, nakupenda lakini sitaki. Wateja wanasema Redio imeharibika. Waseme. Ujumbe unarudi kila Alhamisi, nami sijanyamaza. Hata haya ninayowasimulia, nasimulia kwa sababu hiyo.

Ila juzi niliamka nikakuta mto wa pili kitandani kwangu una unyevu. Mimi ni mjane, mto ule haulaliwi. Juu yake palikuwa na kipande cha kamba ya mgomba, kibichi, kimefungwa fundo. Sikuligusa. Nililitazama tu limeelekea wapi.

Nikampigia Yunisi, ambaye hakuacha kuja kunitazama tangu siku ile. Akaja, akaiona ile kamba, akakaa chini. Nikamuuliza swali moja, yeye aliyeandika ile sheria kwa mkono wake.

"Yunisi, mtu akilala usingizi, huhesabiwa amenyamaza?"

Yunisi aliniangalia. Hakusema neno.