Benchi la Kichochoroni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasuku alifagia baraza, akajaza ndoo, kisha akampelekea bibi yake maji ya kunawa. Jina hilo alipewa na bibi huyohuyo, kwa sababu mdomo wa msichana huyu haukujua likizo. Angeweza kufagia na kusimulia kwa wakati mmoja, vumbi likamwingia kinywani na asijali.

Wiki ile, hata hivyo, alifagia kimyakimya. Bibi alikuwa amefungwa bandeji mkononi. Jioni moja alipita kwenye kichochoro kinachotoka nyumbani kwao kwenda barabarani, taa zote zikiwa zimevunjwa, akatumbukia mtaroni na kuteguka mkono. Mtaa mzima ulisema ni kazi ya vijana waosha magari waliokuwa mwishoni mwa kichochoro. Ni kweli vijana hao walikuwa kero. Muziki wao ulitikisa madirisha, na wanawake waliopita walirushiwa maneno ya ovyo. Lakini taa hawakuzigusa. Kasuku alimwona kwa macho yake aliyezivunja: kaka yake mwenyewe, akishindana na wenzake kulenga shabaha kwa manati.

"Ukifungua mdomo, wewe si ndugu yangu," kaka alimwonya. "Damu nzito kuliko maji."

Malalamiko yalifika halmashauri, na ofisa aliyetumwa alikuwa yule mama mfupi ambaye mitaa yote ilimwita Mama Benchi. Maofisa wengine huwaita watu ofisini, na watu hao hupanga foleni juani hadi wakasahau walichokuja kusema. Mama huyu alikuja na benchi refu la mbao nyuma ya gari, akaliweka palepale penye ugomvi. Sharti lake lilikuwa moja: anayelalamika na anayelalamikiwa wakae pamoja, bega kwa bega. Ukitaka kujua akili yake, jaribu kumfokea mtu ambaye goti lake linagusa lako.

Jioni hiyo kichochoro kilijaa watu. Bibi alikaa kwenye benchi, na pembeni yake akakaa kiongozi wa waosha magari, kijana aliyeitwa Povu.

"Waondolewe!" fundi cherehani alipaza sauti. "Leo taa, kesho milango yetu!"

"Mama, muziki ni wetu, siwezi kukataa," Povu alimwambia ofisa. "Na yale maneno pia tumekosea. Lakini taa, hapana. Mkituondoa hapa, tutakula wapi?"

Watu wakaangua kicheko cha dharau. Mama Benchi hakucheka.

"Kama mmevunja taa za umma, kibali chenu kinakwisha leo," alisema. "Ila mimi siadhibu kwa kukisia. Nani aliwaona?"

"Mimi nimesikia," fundi cherehani alisema.

"Umesikia kwa nani, baba?"

"Kwa... watu."

"Basi hao watu waje wakae hapa."

Hakuna aliyekuja. Kasuku alimtazama kaka yake, aliyekuwa amesimama nyuma ya mama yao akimkazia macho. Kisha akaitazama mikono ya Povu, iliyochubuliwa na sabuni. Aliogopa sana, lakini akasimama.

"Si wao," alisema. "Ni kaka na wenzake, kwa manati. Niliwaona."

Mama yao alishika kichwa. "Kikulacho ki nguoni mwako," mtu mmoja alinong'ona.

Mama Benchi hakumfokea kaka. Alimwonyesha tu nafasi kati ya Povu na bibi, naye akaenda kukaa.

"Bibi, mwambie siku ile ilikuwaje."

Bibi alimgeukia mjukuu wake. "Giza liliingia, wewe hujarudi. Nikatoka kukutafuta."

Kaka, aliyejiona jogoo wa mtaa, akalia mbele ya watu wote.

Uamuzi haukuwa mrefu. Wavunja taa wangemsaidia fundi umeme wa halmashauri kila Jumamosi, wakishika ngazi na kufagia vioo, hadi kila taa ya mtaa iwake. Povu na wenzake wangepunguza sauti ya muziki na kuuzima jua likizama, na waliwaomba radhi wanawake palepale. Fundi cherehani naye alimwomba Povu radhi, kwa sauti ndogo kuliko ile ya mwanzo.

Kaka alimnunia Kasuku. Jumamosi jioni, Mama Benchi alipokuja kukagua kazi, alimkuta msichana ameketi peke yake barazani.

"Bado hajakusemesha?"

"Bado, mama. Anasema nimemuuza."

"Hujamuuza, mwanangu. Umemzuia asikue na uongo mgongoni, na umemwokolea mtu riziki yake." Mama Benchi akaketi kando yake. "Halmashauri ina sheria na magari, lakini haina macho kila kichochoro. Macho yetu ni ninyi wakazi. Mtaa hupona pale mtu anaposema kweli, hata kama kweli hiyo inaanzia nyumbani kwake."

Kasuku alikuwa bado anayafikiria maneno hayo aliposikia sauti ya kaka yake. Kaka alikuwa ameshika ngazi kichochoroni, na taa ilikuwa imewaka.

"Kasuku!" aliita. "Mlete bibi, awe wa kwanza kupita!"