Ndiyo kwa Niaba ya Wote

Fundi wa kompyuta hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Asubuhi ile alikuwa mezani kwake akituma programu mpya kwenye kompyuta zote za ofisi, kwa ule usakinishaji wa kimyakimya usioonyesha dirisha wala kumuuliza mtu kitu. Kila kompyuta ilikwama mahali pamoja. Na kila iliyokwama ilinuka udongo uliofukuliwa.

Alihisi programu ilikuwa imeuliza swali, na kwa kuwa madirisha yalifichwa, hakuna aliyeliona. Akaenda mapokezi kwa rafiki yake karani, akaiendesha pale waziwazi. Dirisha likafunguka na neno moja: Niingie? Chini yake, Ndiyo na Hapana.

Fundi alicheka, akasema waliotengeneza programu hii Kiswahili kimewapiga chenga. Karani hakucheka. Alisema yeye hamkaribishi mtu asiyemwona, akabonyeza Hapana.

Lakini meneja alitaka kazi iishe kabla ya chakula cha mchana. Fundi akarudi mezani, akaongeza amri fupi: kila swali lijibiwe Ndiyo, kwa niaba ya wote. Mara moja programu ikaingia kote ila mapokezi ilikokataliwa, hata kwenye kompyuta yake mwenyewe.

Ukumbi ukanyamaza. Mhasibu, ambaye kwa kawaida hafungi mdomo, alikuwa wima kitini, macho hayapepesi, vidole vikigonga kibodi. Na jirani yake vilevile, na meneja nyuma ya kioo vilevile, wote kwa mpigo mmoja. Fundi akatuma amri ya kuiondoa programu. Kompyuta zikajibu kuwa imeondoka, ila harufu ya udongo ikazidi. Akazima umeme. Skrini zikafa, vidole vikaendelea.

Karani alikuwa mlangoni akivuta kitasa. Hakikutikisika.

"Usipige kelele," alinong'ona. "Ngoja nimpigie shangazi."

Shangazi yake alikuwa mganga wa majini. Simu ikawekwa kati yao wawili, sauti chini, karani akamsimulia.

"Nani aliyemkaribisha?" shangazi akauliza.

"Mimi, shangazi," fundi akajibu. "Niliwajibia wote."

Shangazi akamweleza la kufanya: amwendee kila mtu, amwite kwa jina lake sikioni, amkatalie mgeni kwa niaba yake. Lakini yeye mwenyewe hataweza kujitoa. Yeye atatolewa na mama yake, aliyempa jina.

Akaanza na mhasibu. Alimwinamia, akamwita, akasema hapana, na ngozi ya shingo yake, iliyokuwa baridi kama ukuta wa kisima, ikapata joto, akaanza kulia kwa sauti ndogo, mlango ukafunguka kiasi cha mtu mmoja, akapita, ukajifunga. Akaenda kwa wa pili, na wa tatu, na kila aliyetoka aliacha kiti ambacho hakikuwa kitupu sawasawa, kwani mto wake ulibaki umebonyea na kibodi ikaendelea kugongwa, mpaka meneja naye akatoka akiegemea bega la karani, na mlango ukajifunga nyuma yao, na fundi akabaki peke yake katikati ya meza zile zinazogonga, huku viti, kimoja baada ya kingine, vikigeuka taratibu kumwelekea.

Akampigia mama yake.

"Mama, niite jina langu. Niite tu, usiniulize kwa nini."

Upande wa pili kulikuwa na bomba linalotiririka na vyombo vikigongana.

"Nani mwenzangu?" mama akauliza, kwa adabu anayowapa wageni.

"Mimi, mama. Mwanao."

"Umekosea namba, mwanangu," mama akasema polepole. "Wangu amesharudi kutoka kazini. Huyu hapa jikoni, ananisaidia vyombo." Kisha akageuza uso pembeni ya simu, akaliita lile jina.

Sauti ya fundi ikaitika kule kule jikoni: "Abee, mama."